Nafasi

Saa nane na dakika kumi na saba usiku, mjini Brno,
ujenzi wetu huanguka.

Ujenzi, nasema, na mama yangu kule Jihlava
hadi leo anadhani nabeba matofali.
Hakuna tofali. Hakuna saruji.
Kuna seva moja ghorofa ya chini, inavuma kama friji kuukuu,
na skripti ya mistari mia mbili na sita
aliyotuachia Oldřich Vávra alipostaafu
akaenda kufuga nyuki.
Usiku inaamka yenyewe,
inafagia folda zilizopitisha siku thelathini,
inakusanya mafaili, inayaunga, inayapima;
asubuhi tunakuta programu iko tayari,
programu ya kuendesha lifti za hospitali,
kwa hiyo si mzaha.

Tangu tarehe tisa Desemba tunakuta wekundu.
Faili halipo.
Maneno mawili, kama karani aliyechoka
anayekujibu bila kuinua macho.

Lakini lipo! Jioni nimeiona mwenyewe folda ya *kostka*
(mchemraba, kwa Kicheki), moyo wa kazi nzima.
Nalala. Naamka. Imekwenda.
Tunairudisha kutoka akiba, tunalaumu diski,
tunabadilisha diski.
Zdislava analaumu ruhusa: anafungua zote, anafunga zote.
Bosi analaumu baridi.

Mwizi wa usiku hukamatwa usiku.
Nikabaki. Tramu ya mwisho ikapita tupu,
theluji ikinata kwenye nyaya.
Nikaiamuru skripti itamke kila itakachotenda
kabla ya kukitenda.
Nikamenya chungwa. Nikangoja.

*nafuta kostka*
*nafuta Matěj: haipo*

Matěj?

Matěj Kudrna, mwanagenzi.
Wiki tatu tulimweka kando ya printa,
kompyuta juu ya magoti, kwa kuwa meza hazikutosha.
"Vumilia," tulimwambia, "nafasi itapatikana."
Novemba hakurudi. Nani aliuliza?
Nadhani Zdislava aliuliza chaja yake.

Basi alikuwa amenakili *kostka* apate kujifunzia,
akaiita nakala yake *kostka Matěj*,
na katikati ya maneno hayo mawili
akaweka nafasi, kama unavyoiweka wewe na mimi
tukiandika barua kwa watu.
Skripti haisomi barua. Ikiona mwanya, inakata.
Jina moja ikalifanya mawili:
la kwanza ikalikuta, ikalichinja, nalo ndilo letu;
la pili haikuliona;
na folda yenyewe iliyotafutwa ikabaki nzima,
kila usiku ikiitwa tena, kila usiku ikiponza jirani.

Mdharau mwiba, wanasema, mguu huota tende.
Ila mwiba una ncha, una rangi, utauona.
Huu ulikuwa utupu
wenye upana wa herufi moja isiyoandikwa.

Dawa ni alama za nukuu, mbili tu,
moja mbele ya jina, moja nyuma,
kama viganja viwili vinavyobeba maji.
Nikaziweka. Mstari wa arobaini na nne.
Kidole kikawa juu ya kitufe
ndipo nikakumbuka: sasa skripti itamwona.
Sasa itamfuta yeye.

Nikafungua folda kwanza.
Mafaili kumi na moja, na moja la maelezo,
la siku yake ya mwisho:

*Jina likiwa na nafasi, ufagio unakosea. Mstari wa 44.*
*Zinahitajika nukuu.*
*Nimwambie nani?*

Chungwa lilikuwa limekauka kwenye kitambaa.
Printa, yenyewe, ikajisafisha kwa kelele.

Nikahamisha folda mahali ufagio haufiki.
Juu ya mstari wa arobaini na nne nikaandika
nani aliyegundua kosa, jina kamili,
pamoja na kile kialama kidogo juu ya *e*
ambacho siku zote tuliona uvivu kukiandika.

Saa kumi na dakika tano. Kijani.
Nikaenda kuziondoa karatasi
zilizorundikwa juu ya kile kiti.